Tungo au Mfuatano? Uhakiki wa Istilahi za Biti katika Lugha ya C

Katika lugha ya programu iitwayo C, neno moja la Kiingereza, "string", hubebeshwa mizigo miwili. Hutaja mlolongo wa herufi, kama jina la mtu au la kituo cha reli. Hutaja pia mlolongo wa biti, yaani sifuri na moja zilizopangwa bila kujali kama zinaunda herufi yoyote. Kiswahili kina walau maneno mawili yanayoweza kupewa kazi hiyo: tungo na mfuatano. Mazoea ya uundaji wa istilahi ni kuteua moja na kuliacha jingine, kwa sababu tu lugha chanzi ina neno moja. Katika suala hili mazoea hayo yanapotosha.

Tungo hutokana na kutunga, kitenzi kinachowahusu mshairi, mvuvi na mtunga shanga kwa pamoja. Pingamizi la wanasarufi kwamba tungo tayari ni kipashio cha sarufi miundo halina uzito mkubwa. Muktadha hutosha kutenganisha. Swali zito zaidi ni lile ambalo picha ya uzi wa shanga inalibeba, na hapo historia ya magharibi mwa Tabora ina la kusema.

Kaliua ya leo hujulikana kama mahali Reli ya Kati inapogawanyika, njia moja ikielekea Kigoma na nyingine Mpanda. Kabla ya reli, nchi za upande huo zilikatizwa na misafara iliyotoka Unyanyembe kwenda Ujiji, na shanga zilikuwa miongoni mwa fedha za njiani. Richard Burton, aliyesafiri huko mwaka 1857 na 1858, alinakili vipimo vyake: uzi mmoja wa shanga uliitwa kete, na kete 10 zilifanya fundo. (Kete ya siku hizi ni ya bao na drafti, maana ya uzi imefifia.)

Uzi wa shanga huzuiwa mwishoni na kifundo. Mlolongo wa herufi katika C umeundwa vivyo hivyo: hauna kumbukumbu ya urefu wake, bali huishia kwenye baiti yenye thamani ya sifuri, na kila kazi inayousoma hutembea mpaka ikutane na sifuri hiyo. Tungo, basi, ni jina linalostahili kabisa.

Mlolongo wa biti haustahimili picha hiyo. Humo sifuri ni mali halali, sawa na moja. Zikitazamwa baiti tatu, 01000001, 00000000 na 01000010, kazi ya strlen itajibu kwamba urefu ni 1, ilhali biti ni 24. Sifuri ya katikati imedhaniwa kuwa kifundo. Kwa hiyo urefu sharti uhifadhiwe kando, kama mfanyabiashara wa msafara alivyohesabu kete badala ya kuamini kifundo cha uzi. Neno linalofaa hapa ni mfuatano, ambalo haliahidi mwisho wowote. Mwanafunzi wa Kaliua aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na kuikuta sekondari ikifundishwa kwa Kiingereza hupewa neno moja kwa vitu viwili. Istilahi mbili zingemwonya kabla programu haijaharibika.

Uangalifu huohuo unahitajika katika vitenzi. C haina anwani ya biti moja. Ili kuifikia biti ya i, hutafutwa kwanza baiti ya i/8, kisha moja husogezwa nafasi kwa kiasi cha baki la mgawanyo huo. Wapo watakaopenda kuhamisha, lakini anayehama huwaacha wenzake mahali pao. Hapa safu nzima husonga kama wapagazi: wa mbele hutoka nje na kupotea, nyuma huingia sifuri. Kusogeza ndiko sahihi. Idadi ya hatua ikifikia upana wa namba yenyewe, C haiahidi matokeo yoyote. Barakoa nayo inafaa kwa kiolezo kinachoficha baadhi ya biti na kuonesha nyingine, mradi ikumbukwe barakoa ya wanawake wa Unguja na Omani, yenye matundu ya macho, si ile ya hospitali.

Linabaki fundo. Biti na baiti hutofautiana kwa sauti chache mno, na darasani huchanganywa kila siku. Baiti ni biti 8 zilizofungwa pamoja na kuhesabiwa kama kitu kimoja, jambo lilelile ambalo fundo lilifanya kwa kete 10. Kulitumia fundo kwa sifuri inayofunga tungo kungevutia zaidi kwa mtazamo wa kwanza, lakini kungelipoteza neno hilo mahali lisipohitajika sana: sifuri hiyo yaweza kuitwa sifuri ya mwisho, na kila mtu akaelewa.