Mtego ni Saa ya Kula

Kitu cha kwanza alichotuletea bi mkubwa muuza viazi karai hakikuwa samaki. Ilikuwa kanga kuukuu, imefifia mpaka jina lake halisomeki. Aliitupa juu ya tundu la waya, na yule paka aliyekuwa akijipigiza kichwa akanyamaza hapo hapo. Sisi watatu tulikuwa tumesimama na glavu nene za ngozi, tumeshasoma, tumeshapanga, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kitambaa. Paka aliyenaswa kinachomtia wazimu zaidi ni kuonekana. Akipata giza anajikunja, anatulia. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, watu wanatoka msikitini, na tangu siku ile kila tundu letu lina kanga yake.

Hapo ni kichochoro kimoja cha Mji wa Kale, Mombasa, nyuma ya kibanda cha viazi karai, mwendo mfupi kutoka soko la samaki. Nataka kueleza jinsi kichochoro kile kilivyoacha kuzalisha paka, kwa kuwakamata, kuwahasi na kuwarudisha pale pale. Kazi ya namna hii watu huisimulia kama hadithi ya huruma, na huruma ndiyo ilikuwa rahisi kuliko vyote kuipata. Pwani hatuna upungufu wa wapenda paka. Abu Huraira, sahaba aliyepokea hadithi nyingi kuliko wenzake wote, lakabu yake yenyewe maana yake ni baba wa kipaka, na mtoto wa madrasa anajua kwamba maji aliyonywa paka hayanajisiki. Mifupa ya samaki inatupwa kila jioni, maziwa yanamiminwa kwenye vifuniko. Na kila baada ya miezi michache kuna vitoto vilivyofumba macho ndani ya boksi, na watu wanaulizana nani atavichukua.

Tuanze na hesabu ya uzazi, maana makosa yetu ya kwanza yalitokana na kutoijua. Paka hubeba mimba siku 63 hadi 65 hivi. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, bado yeye mwenyewe anaonekana mtoto, na akishazaa anaweza kushika nyingine kabla wa kwanza hawajaacha ziwa. Ulaya baridi humpumzisha: hamu ya jike ya kupandwa hufuata urefu wa mchana, na siku zikifupika mwili wake hukaa kimya kwa miezi. Sisi tuko digrii nne tu kusini ya ikweta. Mchana wetu ni saa kumi na mbili mwaka mzima, ukizidi au kupungua ni kwa dakika, kwa hiyo jike wa Mombasa hana likizo. Tena yai lake haliteremki mpaka apandwe, na uzao mmoja unaweza kuwa na baba wawili au watatu.

Sasa fikiria tulichofanya wiki ya kwanza. Tulikamata madume wanne. Dume ni jasiri, ana njaa, anaingia mtegoni kama anaingia kwake. Tuliwapeleka wakahasiwa, tukapigana picha, tukajiona tumemaliza theluthi ya kazi. Kumbe dume mmoja aliyebaki anawatosha majike wote wa kichochoro, na kama hayupo atatoka kichochoro cha pili. Kabla miezi mitatu haijaisha majike wawili walikuwa wameshazaa. Kila jike aliyehasiwa ni uzao mmoja uliozuiwa, hakuna ubishi; madume wanne waliohasiwa huku wa tano akiranda walitupunguzia kelele za usiku tu.

Ndipo tukarudi nyuma na kufanya jambo lililotakiwa kuwa la kwanza: kuhesabu. Mmoja wetu ni fundi simu, akawapiga picha paka kila jioni, kila mmoja akaandikiwa jina kwa rangi na mahali pake pa kulala. Tukapata 11. Tukampelekea bi mkubwa wa viazi karai orodha yetu, akatazama picha, akacheka.

"Wanangu, hawa ni wa jioni. Wa saa nne usiku je?"

Alikuwa anawajua 17. Alijua yupi ana mimba kwa jinsi anavyokaa akisubiri chakula, yupi ameficha watoto nyuma ya mtungi wa gesi wa jirani, na yupi si wa pale bali anapita tu. Si paka wake, alisisitiza. Yeye anawatupia tu. Lakini mtu anayewatupia chakula paka saa ile ile, mahali pale pale, miaka na miaka, ana daftari kichwani ambalo daktari wa mifugo hawezi kulipata kwa wiki mbili za uchunguzi. Nikiulizwa leo kifaa gani cha kwanza cha kutafuta kabla ya mtego, nitasema mtafute anayewalisha. Akikukataa, chagua kichochoro kingine.

Na kwa nini kichochoro, si mtaa mzima? Kuna utafiti uliofanywa kwa takwimu za wilaya mbili za Marekani, moja California na nyingine Florida, ukakokotoa kwamba idadi ya paka haitashuka mpaka kati ya asilimia 71 na 94 ya wanaoweza kuzaa wahasiwe. Kwa mji hiyo ni hesabu ya kukatisha tamaa. Kwa paka 17 ni kama kumi na wawili hadi kumi na sita, jambo la wiki mbili kwa watu watatu na tuktuk moja. Kundi la wapenda paka linalokamata mmoja huku na mmoja kule, kila Jumamosi, kwa moyo safi kabisa, linaweza kufanya hivyo miaka kumi na lisione tofauti, kwa kuwa vitoto vinazaliwa haraka kuliko Jumamosi zinavyokuja.

Ugumu wa kweli ulikuwa chakula. Paka aliyeshiba haingii tunduni, na pale kulikuwa na mabaki tangu asubuhi hadi usiku. Tulimwomba bi mkubwa abadilishe: mlo mmoja tu, saa kumi na mbili jioni, na uwekwe ndani ya matundu ambayo milango yake imefungwa kwa kamba isidondoke. Siku ya kwanza walikula mlangoni, shingo nje. Siku ya nne walikuwa wanaingia mpaka mwisho. Baada ya siku kumi tundu lilikuwa sahani tu. Kisha tukamwambia sehemu aliyoichukia: siku moja kabla ya kukamata, asiwape kitu.

"Mwanangu, nimnyime kiumbe chakula na huku ananitazama?"

Nilimweleza kwamba hata daktari hataki tumbo lililojaa. Paka aliyelazwa kwa dawa akitapika, matapishi yanaweza kumwingia mapafuni. Akafikiri kidogo.

"Kumbe ni saumu. Sema saumu basi."

Matundu yenyewe alitutengenezea fundi wa kuchomelea: wavu wa chuma, urefu wa karibu mita moja ili mlango usimbane mkia, na bamba dogo upande wa ndani ambalo paka akilikanyaga ndoana inafyatuka. Chambo kilikuwa kichwa cha samaki wa kukaanga, na matone ya mafuta yake kuanzia nje mpaka nyuma ya bamba. Usiku wa kwanza wa kazi tulipata sita. Kwa wajanja wawili waliokataa kata kata kukanyaga chuma, tulirudi kwenye mtego wa utotoni wa kunasia njiwa: tenga limefunikwa, limeegemezwa kijiti, kijiti kina kamba, na mtu mwenye subira ameshika kamba mbali. Ubora wake ni kwamba wewe ndiwe unayechagua nani anaswe, kwa hiyo jike unayemtaka hapotezewi nafasi na dume aliyekwisha hasiwa.

Dereva wa tuktuk alikubali kubeba kwa sharti moja, turubai na magazeti chini. Alikuwa na haki. Mkojo wa paka dume hauondoki kwa sabuni ya kawaida.

Kwa daktari kuna maamuzi mawili yanayostahili kuelezwa. La kwanza ni mahali pa kupasua. Wengi hupasua jike chini ya tumbo, katikati. Kwa paka wa mitaani, hasa mwenye maziwa, ubavuni kuna faida: hugusi titi, na kidonda unaweza kukikagua kwa mbali paka akiwa amesimama, bila kumshika. Nyuzi ni zile zinazoyeyuka zenyewe, maana hakuna atakayemrudisha kutolewa nyuzi. La pili ni sikio. Akiwa bado usingizini, ncha ya sikio la kushoto hukatwa kama sentimita moja, mkato ulionyooka ili usifanane na jeraha la ugomvi. Wapo wanaoona ni ukatili. Bila alama ile, jike yule yule angekamatwa tena, angelazwa tena, na pengine angepasuliwa mara ya pili ndipo daktari agundue hakuna cha kutoa. Hapo hapo hupigwa sindano ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao licha ya jina lake paka naye huupata na kuutoa kwa meno. Na ikitokea umeng'atwa katika kazi hii, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Asali na majani yakae jikoni.

Kosa letu baya zaidi lilikuwa usiku wa pili. Tulimnasa jike mweupe mwenye mabaka, tukafurahi, tukamfunika kanga, akaenda. Asubuhi bi mkubwa alipomwona hayupo alishika kichwa. Alikuwa ananyonyesha. Hatukumgeuza kutazama, matiti ya anayenyonyesha huwa mekundu na manyoya yamenyonyoka kuyazunguka, unaona hata kupitia wavuni kwa tochi. Tulitafuta saa nzima mpaka tukasikia mlio ndani ya kabati lililotupwa juu ya paa. Vilikuwa vinne, baridi kama mawe.

Silika ya kila mtu pale ilikuwa maziwa. Mama mmoja alishateremka na kikombe. Kitoto kilichopoa hakilishwi, kwani tumbo lake limesimama na maziwa yatachachia humo. Kwanza joto, taratibu, chupa ya maji moto iliyoviringishwa taulo. Na maziwa ya ng'ombe huwaharisha, na kuhara kunamkausha kiumbe cha gramu mia moja kabla ya jua kuzama. Alitakiwa mama yao. Daktari alimpasua wa kwanza, na jioni ile ile alikuwa ndani ya boksi na wanawe, akiyumba kidogo, akiwalamba. Vitatu vilipona.

Tangu hapo tuna mazoea ya unga. Mtoto akija mbio kusema ameokota vitoto vimetupwa na mama yao, tunamwomba avirudishe mahali pake, kisha tunanyunyiza unga wa ngano kuvizunguka na kuondoka. Mara nyingi ukirudi baada ya saa chache unakuta nyayo. Mama alikuwa ameenda kutafuta riziki, na "kuokolewa" kungekuwa ndiko kunakovifanya yatima. Unga ukibaki haujakanyagwa, ndipo tunaingia: maziwa maalumu ya vitoto vya paka, kinyweshwe kikiwa kimelala kifudifudi na si chali kama mtoto wa mtu, kila baada ya saa mbili au tatu, kisha pamba yenye maji vuguvugu kumpangusa sehemu za siri ili akojoe, maana peke yake hawezi. Mizani ya jikoni ndiyo inayosema ukweli: asipoongeza gramu kumi hivi kwa siku kuna tatizo, hata akilia kwa nguvu. Na tafadhali, Panadol ikae mbali. Kidonge kimoja cha binadamu kinaweza kumuua paka mzima.

Wapo majirani waliotuuliza kwa nini tunawarudisha. Waondoeni, basi. Jibu langu huwa ni Kisiwa cha Marion, mali ya Afrika Kusini, kule kusini kabisa ya Bahari ya Hindi. Mwaka 1949 walipelekwa paka watano kuwinda panya wa kituo cha hali ya hewa. Kufikia 1977 walikuwa karibu 3,400. Vikaletwa virusi vya ugonjwa wa paka, wakaja wawindaji wa usiku na bunduki, mitego, sumu, na wa mwisho alimalizwa 1991. Hiyo ni miaka kumi na minne ya vita, kwenye kisiwa ambako hakuna paka wa kuingia kutoka nje. Karibu na soko la samaki, nafasi ya paka aliyeondolewa inajazwa kabla hujarudi na tundu tupu.

Lakini wanaosema kuhasi na kurudisha peke yake kunatosha nao wanatia chumvi. Mfano unaotajwa sana ni Chuo Kikuu cha Central Florida, kilichoanza kazi hii 1991. Paka wa eneo lile walikuwa 68 mwaka 1996, wakashuka hadi 23 mwaka 2002, na baada ya 1995 hakikuonekana kitoto kilichozaliwa pale. Ukisoma ndani, kati ya paka 155 waliopita mikononi mwao, asilimia 47 walipata nyumba za watu. Na kila mgeni aliyeingia alikamatwa mapema. Kuhasi kulifunga bomba; waliokausha sakafu ni watu waliochukua paka nyumbani. Sisi tumepata nyumba tano, mbili kwa jamaa wa mama wa kikombe cha maziwa, ambaye sasa ana mizani.

Wiki iliyopita simu ililia nikiwa Likoni, kwenye foleni ya feri. Bi mkubwa hasalimii akiwa na jambo.

"Yupo mmoja hapa, wa kijivu, masikio yake yote mawili mazima. Ni jike. Nimeshaanza kumlisha saa kumi na mbili."