Kwa Nini Corolla Iliendelea Kuchemsha

Mlima Kitonga, kwenye barabara ya kwenda Iringa, haulisamehe gari lenye mfumo mbovu wa kupoza injini. Kwenye tambarare gari litaenda bila shida. Kwenye kona za mlima injini hubeba mzigo mkubwa huku mwendo ukiwa mdogo, na upepo unaopita kwenye rejeta hupungua. Corolla AE110 ya miaka ya 1990 ninayoichambua hapa ilichemsha mlimani humo tena na tena, ingawa gereji ilikwishaitoa themostati na mwenye gari kuambiwa tatizo limekwisha.

Mwenye gari, ambaye si fundi, aliamua kuchunguza mwenyewe nyumbani. Alifaulu kwa sababu ya mpangilio: alianza na vipimo visivyo na gharama, na kila kipimo kiliondoa au kuthibitisha mshukiwa mmoja. Hakununua spea yoyote ya kubahatisha.

Alianza na mfuniko wa rejeta, injini ikiwa imepoa kabisa, kwani ukifungua rejeta ya moto maji huruka na kukuunguza. Watu wengi huuona mfuniko huo kama kizibo tu, kumbe una springi na vali, na kazi yake ni kushikilia shinikizo. Mjini Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mfuniko mzima wenye shinikizo la bar 0.9 huyazuia yasichemke hadi yapite nyuzi 110. Raba ya mfuniko wa Corolla hii ilikuwa imepasuka, kwa hiyo kinga hiyo haikuwepo tena. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na dawa yake ni mojawapo ya spea za bei ndogo katika mfumo huu.

Kisha akapima feni. Katika Toyota za kizazi hiki, swichi ya joto inayoongoza feni imeundwa kwa tahadhari: ukichomoa plagi yake huku ufunguo ukiwa umewashwa, feni inapaswa kuzunguka. Ilizunguka, basi mota, fyuzi na rilei ni nzima.

Mshukiwa wa tatu ndiye anayetisha zaidi: gasketi ya hedi. Alichomoa kijiti cha oili akaangalia kama oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Haikuwa hivyo. Akawasha injini ikiwa baridi, mfuniko ukiwa wazi, akatazama maji. Mapovu yasiyokoma yangeonyesha kuwa gesi ya silinda inavujia kwenye maji. Mpira wa juu wa rejeta unaokuwa mgumu, mfuniko mzima ukiwa umefungwa, kabla injini haijapata joto ungesema hivyo hivyo. Hakuona dalili hata moja kati ya hizo.

Ikabaki rejeta. Injini ilipopata joto aliizima, akapitisha kiganja karibu na uso wa rejeta. Juu palikuwa pa moto, chini palikuwa na eneo kubwa la baridi. Maana yake mirija ya sehemu hiyo ilikuwa imeziba, maji hayapiti. Kutu na chumvi za maji ya bomba au ya kisima hujijenga ndani ya mirija mwaka hadi mwaka. Alijaribu kuiosha kwa kusukuma maji kutoka chini kwenda juu, ikafunguka kidogo tu, akaamua kubadilisha rejeta.

Hapa ndipo suala la themostati linapohitaji maelezo, kwa sababu kuitoa ni desturi iliyoenea mno katika gereji zetu. Hoja inayotolewa ni kwamba bila kizuizi maji yatazunguka kwa wingi. Lakini katika injini nyingi za Toyota themostati ina vali mbili: inapofungua njia ya rejeta, inafunga njia ya mkato inayorudisha maji ya moto moja kwa moja kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji haifiki kwenye rejeta kabisa. Mlimani, pale unapohitaji kila tone lipozwe, unakuwa umepunguza uwezo wa kupoza. Kwenye safari fupi, injini huchelewa kupata joto, nayo kompyuta huendelea kuongeza petroli ikiona injini bado ni baridi.

Kabla ya kufunga themostati mpya aliining'iniza ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto. Ilianza kufunguka karibu na nyuzi 82, kama ilivyoandikwa juu yake. Akajaza kulanti na maji yaliyosafishwa, nusu kwa nusu, akaacha injini iunguruke hita ikiwa imefunguliwa mpaka mapovu yakaisha na maji yakaacha kushuka. Hewa iliyonaswa ndani inatosha kuharibu kazi nzuri yote hii.

Haraka ya kutibu jambo hili ina sababu. Bloku ya injini hii ni ya chuma na hedi yake ni ya alumini, ambayo hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Hedi ikijipinda zaidi ya milimita 0.05, imevuka kiwango kinachokubalika. Mshale ukipanda, simama na uzime injini. Kusogea kilomita chache zaidi kunaweza kugeuza gharama ya mfuniko kuwa gharama ya hedi.

Corolla imepanda Kitonga na mshale wake umetulia katikati. Vifaa vilivyobadilishwa ni vitatu, na kila kimoja kilikuwa na kipimo au sababu nyuma yake. Hata usipokuwa na nia ya kushika spana, chukua somo hilo uende nalo gereji. Fundi akitaka kutoa kifaa, muulize amepima nini na kipimo kimeonyesha nini. Fundi mzuri atafurahi kukueleza.