Kumtazama Straika Asiye na Mpira

Kagera Sugar ikimaliza mechi mbili tatu bila goli, jukwaa la uwanja wa Kaitaba, Bukoba, hutoa hukumu moja: safu ya ushambuliaji ni butu, aletwe straika. Hukumu hiyo inasafiri na barabara ya Mwanza, na jioni utaisikia ikirudiwa Muhutwe, Kamachumu na Nshamba, kwenye vibanda vya kuonyeshea mpira. Wapo hata hivyo watu wachache, walimu wa timu na wasaka vipaji, ambao husikiliza kelele hizo na kuendelea kuandika kwenye daftari. Kazi yao ni ya taratibu, haionekani, na mimi naihusudu kuliko hata kazi ya kufunga.

Jambo la kwanza utakalogundua ukikaa karibu nao ni kwamba macho yao hayafuati mpira. Mpira ukiwa miguuni mwa kiungo, wao wako kwa namba tisa. Amegeuza shingo mara ngapi kabla pasi haijaja? Amesimama mbele ya macho ya beki au nyuma ya bega lake, mahali ambapo beki hawezi kumwona yeye na mpira kwa pamoja? Anaanza kukimbia pasi ikiwa bado inaandaliwa, au anasubiri ipigwe ndipo aondoke? Hatua mbili za kuchelewa zinatosha kumfanya mtu mwenye kasi aonekane mzito. Goli lenyewe huandikwa kwa mstari mmoja. Kilicholizaa kinaweza kujaza ukurasa.

Daftari lina upande wa pili, na hapa ndipo uamuzi wa usajili unapozaliwa. Kila shambulizi linaandikwa lilipofia. Kama mengi yamekufa kwa winga kabla hajapiga krosi, straika mpya atakuja kusimama na njaa ileile ya yule wa zamani. Kama krosi zimefika ndani ya kumi na nane na hakuna aliyekimbilia nguzo ya karibu, hilo ni suala la mshambuliaji, na pengine linafundishika mazoezini kabla ya kufungua pochi. Kama winga amefika mstari wa mwisho, akarudisha mpira nyuma, na pale penye alama ya penalti hapakuwa na mtu, mwenye deni ni kiungo aliyebaki katikati ya uwanja akipumzika. Mara tatu zote jukwaa limemzomea mtu mmoja.

Kaitaba nayo ina mtego wake. Uwanja una nyasi bandia zilizowekwa kwa msaada wa FIFA, na Bukoba ni mji wa mvua nyingi. Zulia likilowa, mpira unateleza na kukimbia, pasi ya kupenyeza inampita beki kabla hajageuka, na straika wa mbio anaonekana mfalme. Mpeleke mtu huyo kwenye uwanja wa nyasi ndefu, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 1,000, ambako mpira unadunda vibaya na mabeki wanamsubiri kwa viwiko. Mpimaji makini hamalizi tathmini kabla ya kumwona ugenini.

Ustadi huu unanivutia zaidi Muleba, kwenye viwanja vya shule na vya kanisa vilivyozungukwa na vibanja vya migomba. Huko ardhi imeinama na ina vichuguu, hivyo mguso wa kwanza hauwezi kuwa kipimo cha haki. Kijana anatuliza vizuri, mpira unagonga jiwe, unampita. Mtazamaji wa kawaida anacheka. Mwenye jicho anaangalia sekunde inayofuata: kijana amesimama kulaumu ardhi, au tayari ameshamfuata beki kuukaba mpira aliopoteza? Mwili wake ulikuwa umefunguka kuelekea lango kabla pasi haijafika? Mambo hayo mawili kichuguu hakiwezi kuyaharibu.

Rekodi ya Kagera Sugar inaonyesha jicho hilo linaweza kuleta nini. Msimu wa 2016/17, chini ya Mecky Maxime, beki wa zamani wa Mtibwa Sugar na Taifa Stars, timu ilimaliza ya 3 katika Ligi Kuu na Mbaraka Yusuph alifunga magoli 12, kisha Azam ikamchukua. Mei 19, 2018, Simba ilikuwa ikikabidhiwa ubingwa Dar es Salaam mbele ya Rais John Magufuli, haijapoteza mechi hata moja ya ligi msimu mzima. Edward Christopher wa Kagera akaifunga mwishoni, kipa Juma Kaseja akapangua penalti ya Emmanuel Okwi, na Kagera ikaondoka na ushindi wa 1-0. Baadaye akaja Yusuf Mhilu, ambaye Simba ilimsajili mwaka 2021. Washambuliaji hao watatu walikuwa wamepita Simba au Yanga bila kupata nafasi ya kudumu. Kuna mtu aliyewatazama wakiwa benchi, akaona kitu.

Lakini chukua msimu wa 2018/19. Kagera iliifunga Simba nyumbani na ugenini, kisha ikalazimika kucheza mechi za mchujo dhidi ya Pamba ya Mwanza ili isishuke daraja. Mimi nausoma msimu ule hivi: safu iliyojengwa kwa mashambulizi ya kushtukiza hustawi mbele ya timu kubwa inayopanda yote, na hukwama mbele ya timu ndogo iliyopaki basi. Kumwongeza mtu wa mbio katika safu kama hiyo ni kurudia ulichonacho. Anayehitajika ni mwenye kuukalia mpira akiwa amelipa lango mgongo, mabeki wawili wakimning'inia, hadi wenzake wafike.

Msimu wa 2024/25 timu ilishuka, baada ya takriban miongo miwili katika Ligi Kuu. Katika msimu huo mmoja ilipita mikononi mwa makocha watatu: Paul Nkata, Mellis Medo, na mwisho Kaseja yuleyule wa penalti ya Okwi. Kwa maoni yangu hilo linaumiza tathmini kuliko uhaba wa fedha. Kila kocha ana namba tisa wake kichwani. Mmoja anataka wa kukimbilia nafasi, mwingine wa kupokea mpira miguuni, na mchezaji aliyesajiliwa kwa jicho la wa kwanza anahukumiwa kwa kipimo cha wa tatu.

Ndiyo maana namheshimu sana yule anayeingia kikao cha usajili kuelekea dirisha dogo, viongozi wakisubiri jina la straika, naye anafungua daftari na kuomba winga wa kushoto anayetumia guu la kushoto. Anaeleza ni krosi ngapi zilikatishwa kwa sababu winga aliyepo alilazimika kugeuza mpira kwenye guu la kulia, na namba tisa alikuwa amesimama wapi kila mara. Anaomba straika huyo apewe mechi nyingine kumi, zile krosi zikiwa zinafika.