Kijitabu Kizuri Hujulikana Mtoni

Kaunti za Kitui na Makueni nchini Kenya zimejaa maandishi ya kiufundi: vijitabu vya mabwawa ya mchanga, karatasi za kupambana na nzi wa matunda kwenye miembe, maelekezo ya matuta na ya mizinga ya nyuki. Mengi husomwa siku ya semina, kisha yakalala kabatini. Machache huchakaa mikononi mwa mafundi. Anayetaka kuujua ubora wa maandishi haya aanze na hayo yaliyochakaa.

Kitabu ninachokiheshimu zaidi ni Water from Dry Riverbeds cha Erik Nissen-Petersen, kilichotoka mwaka 2006 kwa ufadhili wa DANIDA, shirika la misaada la Denmark. Kimeandikwa kwa Kiingereza, lakini aliyekiandika aliijua mito yetu ya msimu. Jedwali lake la mimea inayoashiria maji ya karibu linatoa majina ya kisayansi pamoja na ya Kikamba na Kiswahili, na kina ambacho mizizi hufikia. Mzee anayeijua miti ya mukuyu na muatini tangu utotoni anaweza kumsahihisha mwandishi papo hapo. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya kazi bora: msomaji amepewa nafasi ya kuipinga.

Alama ya pili ni kubwa zaidi. Kitabu hicho kinaonyesha kwamba mchanga wa chembe kubwa huachilia maji kama asilimia 35 ya ujazo wake, ilhali tope laini huachilia asilimia 5 tu. Ukishaiona tofauti hiyo, unaelewa kwa nini ukuta wa bwawa la mchanga, unaozuia mchanga wa mto ili uhifadhi maji, huinuliwa kwa hatua, mafuriko baada ya mafuriko. Ukiuinua wote kwa mara moja, maji hupungua kasi nyuma yake, tope linatua, na kijiji kinabaki na bwawa la matope. Agizo na sababu yake vimekaa pamoja. Fundi anayeijua sababu huweza kuamua mwenyewe pale mto unapofanya jambo ambalo mchoro haukulitaja, na mito ya Ukambani hufanya hivyo kila msimu.

Baada ya hapo kagua mambo madogo, maana ndiyo yanayomfichua mhariri. Je, onyo limetangulia kitendo? Mwongozo unaokwambia uchunguze nyufa za mwamba baada ya kukuagiza umwage zege la msingi haukupitiwa na mhariri makini. Je, mchoro una mshale wa kuonyesha maji yanatoka wapi? Bila mshale huo, kikundi kinaweza kujenga sakafu ya kuzuia mmomonyoko upande usiofaa. Vipimo navyo viwe vya mtoni: mfuko wa saruji wa kilo 50, toroli, karai, pamoja na onyo kwamba sehemu zote za mchanganyiko zipimwe kwa karai lilelile. Tarehe iwepo pia. Mvua ya Novemba ndiyo tegemeo kubwa huku, kwa hiyo mwongozo usiosema kazi ianze mwezi gani una upungufu mkubwa hata ukiwa na picha za rangi.

Shuleni tulifundishwa kutorudia neno, na waandishi wengi hubeba tabia hiyo hadi kazini. Ukurasa wa tatu ni ukuta, wa saba ni kizuizi, wa tisa ni kingo. Msomaji anaanza kutafuta vitu vitatu. Katika maandishi ya kiufundi kitu kimoja kiwe na jina moja mwanzo hadi mwisho, na jina hilo liwe lile mafundi wanalotumia.

Kisha usikilize. Mabwawa ya Kitui, mengi yakiwa kazi ya shirika la SASOL lililoanza mwaka 1990, yamejengwa na wanakijiji waliotoa nguvu zao, mawe na mchanga. Kazi ni ya mwethya, yaani ya ushirika wa kijiji. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine wameshika majembe. Sentensi isiyoeleweka kwa sikio mara ya kwanza haifai, hata ikipendeza machoni. Mpe rasimu fundi ambaye hakuhudhuria semina, nyamaza, tazama anaporudi ukurasa wa nyuma. Pale ndipo pa kurekebisha.

Ustadi wa kuandika hivi haukui kwa mtu mmoja. Marekani kulikuwa na chama kikubwa cha waandishi wa kiufundi, Society for Technical Communication, chenye mizizi ya mwaka 1953. Kilifungwa mwanzoni mwa 2025. Nasi tusingoje chama kikubwa kije kutupanga. Afisa ugani wa Wote, mtafiti wa kilimo wa KALRO Kiboko, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya pale Kwa Vonza, mwalimu wa Kiswahili na fundi wa mawe wanatosha kukaa juu ya rasimu moja na kuichana bila kuoneana haya. Leo kila mmoja anaandika peke yake, mradi ukiisha, alichojifunza nacho kinapotea.

Ninyi mnaochapa vijitabu katika kaunti hizi mbili, andikeni jina la mwandishi, jina la mhariri na mwaka, na mtaje kijiji kilichosoma rasimu kabla haijachapwa.