Bastola Mbili Zinazofanana: Namna ya Kuchagua Mshiko na Kilengeo

Anayeingia katika mchezo wa kulenga shabaha hapa Kenya, akishapata kibali cha Bodi ya Leseni za Silaha, hukutana na ubishi uleule uwanjani: achukue Glock 17 au Glock 19? Zote ni za milimita 9, zote zafunguliwa kwa namna moja, na ukiziweka mezani mtu asiyezoea hawezi kuzitofautisha. Wengi humaliza ubishi kwa mtutu. Wa 17 una milimita 114, wa 19 una 102, basi mrefu ndio bora. Mimi mtutu nauweka mwisho kabisa.

Hesabu yenyewe ni hii. Kwenye 17, kutoka kilengeo cha nyuma hadi cha mbele ni takriban milimita 165. Kwenye 19 ni 153. Kilengeo cha mbele kikihama milimita 1 wakati unafyatua, kwa mita 10 risasi ya 17 itakwenda kombo kama milimita 61, na ya 19 kama milimita 65. Tofauti haifiki nusu sentimita. Kidole kinachoivuta triga kwa pupa hupoteza zaidi ya hapo kila mara.

Tofauti yenye maana iko kwenye mshiko. Kimo cha 17 kinaizidi 19 kwa sentimita moja hivi, na sentimita hiyo ndiyo inayoamua kama kidole chako kidogo kitapata pa kushika au kitabaki kinaelea. Kikielea, bastola hujipinda mkononi kila inapopiga teke, nawe unalazimika kuishika upya kabla ya risasi ya pili. Ndiyo maana naipenda sana Glock 45, iliyotoka 2019: slaidi ya 19 juu ya mshiko mzima wa 17. Kwa kiganja kikubwa ni jawabu zuri. Mwenye kiganja kidogo asione haya kuchukua 19. Mshiko mrefu hautamwongezea kitu.

Usinunue kabla ya kujaribu hivi. Toa magazini, vuta slaidi, angalia chemba kwa macho kisha ipapase kwa kidole, na mdomo wa mtutu uelekee upande salama muda wote. Muuzaji akikwambia ni tupu, hakikisha mwenyewe hata hivyo. Chagua alama kwenye ukuta imara, fumba macho, inua bastola kama unayelenga, kisha fumbua. Kilengeo cha mbele kiko wapi? Kikiwa kimekaa ndani ya pengo la nyuma, au kinahitaji kusogezwa kidogo tu, bastola hiyo imekukubali. Kikienda kushoto kila unaporudia, huenda triga iko mbali na kidole chako. Glock za tangu kizazi cha nne huja na vipande vya kubadilisha unene wa mgongo wa mshiko. Mwombe muuzaji avitoe vyote, hata kama vimefungiwa ndani ya sanduku.

Kisha sikiliza triga, kwa ruhusa ya muuzaji. Ukiifinya polepole utapita mwendo mlaini, utagonga ukuta, halafu itafyatuka. Ishikilie nyuma, uvute slaidi na kuirudisha, kisha achilia triga kidogo kidogo mpaka usikie mlio mdogo, tik. Hapo ndipo risasi ya pili inapoanzia. Umbali huo ukiwa mfupi na mlio ukiwa wazi, umeshika triga nzuri.

Ceska, yaani CZ, nayo isidharauliwe. CZ 75 ni ya chuma, ina uzito wa karibu kilo moja, na uzito huo hutuliza teke vizuri sana. Ila ukianza na nyundo ikiwa chini, triga ya kwanza ni nzito na ndefu, zinazofuata ni nyepesi, na slaidi yake imezama ndani ya fremu, hivyo pa kuishika ni pembamba. Mshiko wa Glock nao umelala zaidi, kwa hiyo aliyezoea Ceska akiinua Glock huikuta inatazama juu.

Vilengeo ni kazi ya jicho. Vile vya plastiki vinavyokuja na Glock, nukta nyeupe mbele na fremu nyeupe nyuma, vinatosha kujifunzia, lakini nyeupe ya nyuma huvuta jicho mahali pasipofaa. Nachagua nyuma nyeusi tupu na mbele nyembamba yenye uzi wa nyuzimwanga, unaowaka vizuri juani. Gizani huo haukusaidii. Huko unahitaji tritiamu, ambayo hupoteza nusu ya mng'ao wake kwa miaka 12 hivi. Ukinunua bastola iliyotumika, uliza vilengeo vimetengenezwa mwaka gani.

Kilengeo cha nukta nyekundu kina faida moja kubwa kuliko zote: jicho linabaki kwenye shabaha. Aliyevuka miaka 45, ambaye kilengeo cha mbele kimeanza kumfifia, ataona nafuu siku hiyohiyo. Angalia ukubwa wa nukta. Ya dakika 3 za pembe hufunika sentimita 2 na kitu kwa mita 25. Ya 6 hufunika sentimita 4 na kitu, na huonekana upesi zaidi. Kwa mashindano ya IDPA, kumbuka kuwa nukta itakupeleka kwenye daraja lake, mbali na wenzako wa vilengeo vya kawaida.

Kwa mwenye fedha za bastola moja, ningemshauri achukue toleo la MOS, ambalo slaidi yake imechongwa tayari kupokea nukta, aanze na vilengeo vya kawaida, na nukta aiongeze baadaye. Siku ya kuifunga, bamba linalokaa kati ya slaidi na nukta liwe la kilengeo hichohicho, skrubu zikazwe kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, kisha apige mstari mdogo wa rangi kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye mwili wa kilengeo, ili skrubu ikilegea aone mara moja.