Kizazi cha Sita: Gemu za Windows Zinavyochezeka kwenye Linux, Jinja Hadi Mbale

Oktoba 14, 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo, kwa upande wa Intel, haizikubali rasmi prosesa zilizo chini ya kizazi cha nane, ukiondoa chache sana. Kwa mtu wa Jinja au Mbale, Uganda, mwenye HP EliteBook 840 G3 au ThinkPad T460 ya mtumba, yenye prosesa ya kizazi cha sita, maana yake ni kwamba mashine nzima, yenye skrini na kibodi visivyo na kasoro, imebaki na mfumo endeshi usiolindwa. Vijana wengi wamesikia kwamba dawa yake ni Linux. Swali lao la kwanza ni hilo hilo: gemu zitacheza?

Nawajibu kwamba sehemu kubwa zitacheza. Ila sababu yake si ile ambayo wengi wanaidhania. Watengenezaji wa gemu hawajahamia Linux, na walio wengi hawajaiandikia hata mstari mmoja wa msimbo. Kazi imefanywa na watu wengine kabisa, chini ya gemu, mahali ambapo mchezaji haoni. Ndiyo maana mambo yanakwama mahali pawili tu: kwenye kadi ya picha ya mashine yako, na kwenye uamuzi wa mwenye gemu kuhusu namna ya kuwazuia wadanganyifu.

Tuanze na jinsi kazi yenyewe inavyofanyika. Faili la gemu ya Windows limejaa maelekezo ya prosesa, na prosesa ya Intel au AMD huyaelewa maelekezo hayo bila kujali mfumo endeshi uliopo. Tatizo ni maombi. Gemu ikitaka kufungua faili, kusoma panya au kutoa sauti, huita kazi zilizomo katika maktaba za Windows, na Linux haina maktaba hizo. Mradi wa Wine, ulioanza mwaka 1993, umeziandika upya moja baada ya nyingine, ili ombi lililoandikwa kwa Windows lijibiwe na Linux. Ni kama mkalimani wa mahakama ya Mbale: hakimu hajui Lugisu, shahidi hajui Kiingereza, na kesi inasikilizwa siku hiyo hiyo. Kwa kuwa prosesa yenyewe haiigizwi, kasi inayopotea njiani ni ndogo.

Picha ndizo zilizowasumbua watu kwa miaka mingi. Gemu za Windows huchora kwa Direct3D, lugha ya Microsoft. Wine ilikuwa ikiitafsiri kwa OpenGL, kiwango cha zamani cha kuchorea picha, na tafsiri hiyo ilikuwa nzito, yenye makosa, na kwa gemu za Direct3D 11 mara nyingi haikufika popote. Februari 2016 kikatoka kiwango kipya, Vulkan, kinachompa mwandishi wa programu nafasi ya kuongea na kadi ya picha kwa karibu zaidi. Mwishoni mwa 2017 Philip Rebohle, Mjerumani aliyetaka kucheza NieR: Automata kwenye Linux, akaanza kuandika DXVK, programu inayopokea maombi ya Direct3D 11 na kuyatoa kwa Vulkan. Kampuni ya Valve, yenye duka la Steam, ikamchukua akaendelee na kazi hiyo kwa malipo. Agosti 21, 2018 ikatangaza Proton: Wine, DXVK na viungo vingine katika kifurushi kimoja, ndani ya Steam, kinachowashwa kwa kubofya. Siku ile gemu zilizopewa idhini rasmi zilikuwa 27. Gemu za Direct3D 12 zina mtafsiri wao, vkd3d-proton.

Jambo jingine halisemwi sana, nami naliona kuwa zuri kuliko yote. Gemu ya kisasa huendesha nyuzi nyingi za kazi kwa wakati mmoja, na nyuzi hizo husubiriana maelfu ya mara kila sekunde. Zamani Wine ilipeleka kila kusubiri kwa programu moja ya kati, na foleni ikawa ndefu. Wataalamu walipitia njia mbili za muda kabla ya kufika kwenye kerneli yenyewe, moyo wa mfumo endeshi. Linux 5.16 ya Januari 2022 iliongezewa uwezo wa kusubiri vitu kadhaa kwa pamoja, jinsi Windows inavyofanya. Linux 6.14 ya Machi 2025 ikaja na ntsync, draiva inayofuata kanuni za kusubiriana za Windows ndani ya kerneli. Yaani kerneli ya Linux imebadilishwa ili gemu za Windows zikae vizuri, na kazi hiyo haikufanywa na wenye gemu hizo.

Kampuni za gemu zenyewe zilikuwa wapi? Zilijaribu. Loki Software ya Marekani, iliyoanzishwa 1998, ilihamishia gemu maarufu kwenye Linux kwa leseni, ikakosa wanunuzi wa kutosha na kufungwa Januari 2002. Iliacha urithi mmoja mkubwa, maktaba ya SDL ya Sam Lantinga, ambayo hadi leo imo ndani ya gemu nyingi. Steam iliingia Linux Februari 2013, na Novemba 2015 zikaja kompyuta za sebuleni zilizoitwa Steam Machines. Kwa miaka michache kampuni kadhaa zilitoa matoleo ya Linux kwa bidii. Mashine zile zilipokosa soko, bidii ikapoa. Rocket League iliondoa toleo lake la Linux Machi 2020, na watu waliokuwa wamelilipia wakabaki bila mechi za mtandaoni.

Kuna kisa kimoja cha kiufundi kinachoonyesha aina ya tabu iliyozichosha kampuni nyingi. Agosti 2022 maktaba ya msingi ya Linux, glibc, ilipofika toleo la 2.36, ilijengwa bila jedwali la zamani liitwalo DT_HASH. Kwa walioijenga maktaba hiyo, jedwali hilo lilikuwa limepitwa na wakati. Kumbe Easy Anti-Cheat, programu ya kuzuia udanganyifu, ilikuwa ikilitegemea, na baadhi ya gemu zikaacha kufanya kazi kwa watumiaji ambao hawakuwa wamegusa chochote zaidi ya kusasisha mfumo. Maktaba za Windows, kinyume chake, hutunza tabia za zamani kwa miaka na miaka. Hivyo faili la Windows likiendeshwa kwa Proton limekuwa na maisha marefu kuliko toleo la Linux lililotelekezwa na mwenyewe. Valve sasa huziendesha gemu ndani ya maboksi yenye maktaba zisizobadilika, mojawapo likiwa limejengwa juu ya Debian 11, ili gemu isijali umeweka Ubuntu, Mint au Fedora.

Kwa hiyo naona madai ya zamani, kwamba kila kampuni itoe toleo lake la Linux, yamepitwa. Toleo lisilotunzwa ni hasara kwa aliyelinunua. Msaada wenye maana leo ni mtengenezaji kuijaribu gemu yake kwenye Proton kabla ya kuitoa, kurekebisha kinachovunjika, na kutofunga mlango kwa makusudi. Tangu Steam Deck, mashine ya Valve ya kuchezea gemu mkononi, ilipoanza kuuzwa Februari 2022, ikiwa na Linux ndani yake, wengi wamepata sababu ya kibiashara ya kufanya hivyo.

Turudi kwenye mashine zetu. DXVK 2.0 ya Novemba 2022 inadai Vulkan 1.3, na Proton 8 ya mwaka uliofuata ikalileta sharti hilo kwa gemu zote za Direct3D 9 hadi 11. Hapa ndipo kompyuta za mitumba zinapogawanyika. ThinkPad T440 na EliteBook 840 G1 zina prosesa za kizazi cha nne, ambazo draiva yake ya Linux huandika onyo waziwazi kwamba Vulkan yake haijakamilika. Kizazi hicho pamoja na cha tano, yaani T450 na 840 G2, vilihamishiwa mwaka 2022 kwenye draiva ya pembeni iitwayo hasvk ambayo haitarajiwi kupata mambo mapya. Kizazi cha sita, T460 na 840 G3, kinatimiza sharti la Vulkan 1.3 bila taabu. Ukiziangalia dukani mashine hizi zinafanana, na bei zake hazipishani sana, lakini kwa kazi hii T450 na T460 ni vitu viwili tofauti.

Naomba hili lizingatiwe na kila anayekwenda kununua: kizazi cha sita na cha saba ndivyo vilivyoachwa na Windows 11 na kupokelewa kikamilifu na Linux. Aliye na kizazi cha nne tayari asiitupe. Kwenye Steam anaweza kuchagua Proton 7, inayotumia DXVK ya zamani, au kuandika PROTON_USE_WINED3D=1 %command% katika mipangilio ya kufungulia gemu ili irudi kwenye OpenGL. Gemu za zamani zitacheza. Na yeyote mwenye kadi ya picha ya ndani ya prosesa ahakikishe nafasi zote mbili za RAM zina vipande, maana kadi hiyo haina kumbukumbu yake, inakopa RAM, na vipande viwili huipa njia pana kuliko kimoja chenye ukubwa ule ule. Hakuna mpangilio wa programu utakaoziba pengo hilo.

Kizuizi cha pili hakina suluhisho la kiufundi upande wa mchezaji. Programu nyingi za kuzuia udanganyifu kwenye Windows huingia ndani ya kerneli, zikitegemea kwamba Microsoft imezitia saini draiva na kwamba mtumiaji hawezi kuubadilisha moyo wa mfumo. Kwenye Linux mtu yeyote anaweza kujenga kerneli yake nyumbani. Kwa mtengenezaji, hiyo ina maana kwamba hana msingi wa kuuamini. Septemba 2021 Easy Anti-Cheat na BattlEye zote zilitangaza kwamba zitafanya kazi chini ya Proton, kwa kiwango cha chini kuliko kerneli, ikiwa mwenye gemu ataruhusu. Kuna walioruhusu. Epic, mmiliki wa Easy Anti-Cheat yenyewe, hajaruhusu kwa gemu yake ya Fortnite. GTA Online ilipowekewa BattlEye Septemba 2024, wachezaji wa Linux walifungiwa nje, ingawa hadithi ya mchezaji mmoja bado inachezeka. Mwishoni mwa Oktoba 2024 Apex Legends, iliyokuwa imefungua mlango, iliufunga, ikidai kwamba wadanganyifu wanajificha kwenye Linux. Kwetu pigo kubwa zaidi ni mpira: programu ya EA ya kuzuia udanganyifu, iliyoanza na FIFA 23, haiendeshwi kwenye Linux, na EA Sports FC, mrithi wa FIFA, haifunguki hata kwa anayetaka kucheza na rafiki aliyeketi kando yake.

Hilo la mwisho linaniudhi kweli. Hofu ya udanganyifu mtandaoni ninaielewa. Kumfungia kijana mechi ya nyumbani isiyogusa seva hakumlindi mtu yeyote. Kinyume chake, Dota 2 na Counter-Strike 2, ambazo Valve inazitoa bure, zina matoleo ya Linux na mashindano yake ya mtandaoni yanaendelea, ingawa ya pili ni nzito mno kwa mashine za kizazi cha sita.

Gharama ya data nayo ina uzito wake. Tangu Julai 2021 bando nchini Uganda linabeba ushuru wa 12%, na gemu kubwa inaweza kuzidi gigabaiti 100. Juu ya hapo Steam ya Linux hupakua sheda (programu ndogo za kadi ya picha) zilizoandaliwa tayari, faili zinazoweza kuwa kubwa kuliko sasisho la gemu yenyewe. Kwenye kadi yenye draiva mpya, DXVK 2 hupunguza haja ya sheda hizo, hivyo upakuaji huo unaweza kuzimwa. Mwenye ukumbi wa kompyuta kadhaa anapaswa pia kujua kwamba tangu 2023 Steam inaweza kunakili gemu kutoka mashine moja kwenda nyingine kwa waya wa ndani: unapakua mara moja, zilizobaki zinapata bila bando.

Wapo pia wanaotengeneza, si kucheza tu. Mashariki ya Uganda si ngeni kwa programu huria. Shirika la BROSDI la Busoga liliyabeba maneno “Open Source”, yaani programu huria, ndani ya jina lake miaka mingi iliyopita, likiwapelekea wakulima habari kwa simu. Mwanafunzi wa uhandisi wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Busitema anaweza leo kujenga gemu kwa Godot, injini huria isiyodai ada, na kutoa matoleo ya Windows na Linux kutoka mradi mmoja. Namwomba achague mfumo wa uchoraji wa Godot unaotumia OpenGL badala ya ule wa Vulkan, kisha aijaribu gemu yake kwenye T440 kabla ya kuionyesha kwa mtu. Hapo itacheza kwenye kompyuta walizo nazo watu wa mtaani kwake.

Kwa anayenunua wiki hii: tafuta 840 G3, T460 au ya juu yake, jaza nafasi zote mbili za RAM, na angalia ripoti za wachezaji kwenye tovuti ya ProtonDB kabla ya kulipia gemu yoyote ya mtandaoni. Kama unachotaka ni EA Sports FC peke yake, usihamie Linux bado. Baki na PlayStation.