Mwalimu Alikuwa Nani? Fikira juu ya Karakana ya Ufinyanzi ya Abuja

Wahenga walisema kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Methali hiyo hunijia kila nisomapo habari za karakana ya ufinyanzi ya Abuja, nchini Nigeria (mji wa kale ambao leo huitwa Suleja, wala si mji mkuu wa sasa). Karakana hiyo ilikuwa na walimu wawili wakubwa, na waandishi wengi wamempa mmoja chungu kizima na mwingine gae.

Wa kwanza ni Mwingereza Michael Cardew, aliyekuwa mwanafunzi wa Bernard Leach. Serikali ya kikoloni ilimleta, naye akaanzisha kituo hicho mwanzoni mwa miaka ya 1950. Alikusudia kuwafundisha vijana wa kiume kutumia gurudumu, kuvipaka vyombo utando wa kioo, na kuvichoma katika tanuri la kuni kwa joto la nyuzi 1300 hivi. Lakini kwa Wagwari, wanaojiita wenyewe Gbagyi, ufinyanzi ulikuwa kazi ya wanawake, kama ulivyo kwa Wakisi wa Ziwa Nyasa, nao hawakuwa na haja ya gurudumu lolote.

Mwaka 1954 aliingia Ladi Kwali. Vitabu husema aliingia kama mwanafunzi, na neno hilo ndilo ninaloligombea. Mama huyu alikuwa amefinyanga tangu utotoni. Mitungi yake ilikuwa tayari katika jumba la Emiri wa Abuja, na ni huko Cardew alikoiona akastaajabu. Alipofinyanga, chungu kilitulia chini, naye akakizunguka kinyumenyume huku akiongeza misokoto ya udongo. Yaani mfinyanzi mwenyewe ndiye aliyekuwa gurudumu. Kisha alichora ubavuni mijusi, nge na mamba. Hayo yote hakuyajifunza kituoni. Alichojifunza hapo ni gurudumu, utando na tanuri.

Na tanuri lilileta jambo linalostahili kufikiriwa na kila mwalimu wa sanaa. Mtungi uliochomwa kwa moto wa wazi, wa kuni na majani, hubaki na vitundu visivyoonekana. Hutoka jasho, na jasho hilo ndilo linalopoza maji. Mtungi uliopakwa kioo na kuchomwa tanurini hautoki jasho. Kwa hiyo umbo lile lile, lililofinyangwa na mikono ile ile, lilipoteza kazi yake nyumbani na kupata nafasi katika maonyesho ya London. Siwezi kusema mitungi hiyo si mizuri. Michoro iliyojazwa udongo mweupe, ikitazama kutoka chini ya kijani kizito, ni kazi ya kupendeza mno. Hata hivyo, mwenye kiu asingeichagua. Tukiihukumu kwa uzuri tu, tunatumia kipimo cha mnunuzi wa mbali na kulisahau swali la kwanza la mama aliyeuhitaji mtungi.

Baadaye Ladi Kwali alipata heshima nyingi. Alipewa nishani ya Uingereza mwaka 1962, na mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimtunukia udaktari wa heshima, ingawa hakupata kusoma shule. Alifariki mwaka 1984, na picha yake akifinyanga imo katika noti ya naira 20.

Lakini ushahidi ninaouthamini zaidi unatoka kwetu Afrika Mashariki. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikuwa akisoma sanaa Uingereza. Katikati ya miaka ya 1970 alisafiri hadi Abuja, na aliyemhimiza kwenda ni Cardew mwenyewe. Huko aliketi na Ladi Kwali na wanawake wenzake, akajifunza kufinyanga kwa mikono. Vyungu vilivyompa Odundo sifa duniani hujengwa kwa misokoto ya udongo, bila gurudumu, na husuguliwa mpaka ving'ae pasipo kupakwa utando wa kioo.